Sikio la Kushoto

Blauzi aliyovalishwa haikuwa yake, na chumba alichokalishwa hakikuwa chake pia. Blauzi ilikuwa ya mikono mirefu, maana mkono wake wa kulia, kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko, ngozi ilikuwa bado mbichi. Chumba kilikuwa na dirisha, pazia na kitanda kimoja. Godoro lilikuwa bado kwenye nailoni. Msimamizi aliivua nailoni upande mmoja tu, ule utakaoonekana kwenye kamera, akamwambia akae hapo na asilikalie kwa nguvu, litarudishwa dukani.

Alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha kufulia, nchi ya watu. Shuka za hospitali na za hoteli ziliingia chafu kwa mlango wa nyuma, zikatoka zimenyooka kwa mlango wa mbele, na katikati walisimama wanawake kama yeye, wakizilisha kwenye roli la moto, mashine ya kunyooshea ambayo haimsubiri mtu. Wenzake walimwita Dada Shuka. Siku shuka ilipojikunja, roli lilimvuta mkono. Likazimwa, likasuguliwa, likakaguliwa na fundi, likapumzishwa hadi asubuhi. Yeye alifungwa bandeji akapelekwa upande wa kukunja jioni ile ile, na bandeji ikakatwa kwenye mshahara. Kati ya wagonjwa wawili, roli ndilo lililouguzwa.

Msimamizi alikuwa mwanamke wa kwao, aliyeanzia hapo hapo kwenye roli akapanda cheo, na tangu apande hakuna aliyemsikia akilitaja tena. Alieleza kwamba video itaoneshwa kwenye madarasa ya mawakala wa ajira kule nyumbani, ili wageni wa kazi wajue wafungashe nini, wakifika wafanyeje na wamsikilize nani. Dada Shuka alikuwa amekaririshwa maneno: njoo na nguo nyepesi, kabidhi hati yako ya kusafiria ofisini isije ikapotea, ukiwa na shida muone msimamizi. Kisha amalizie kwamba kila mtu ana kitanda chake, na chakula kipo cha kutosha.

Kitanda chake yeye alikilalia kwa zamu na mwanamke wa kuosha mazulia. Mmoja akiamka, mwenzake analala kwenye joto lile lile.

Aliuliza kama anaweza kukataa.

"Unaweza, nani amekushika?" alisema Msimamizi, akimfunga kifungo cha mkono wa blauzi polepole, asimuumize. "Ila mkono huu daktari wa kampuni akiuona vizuri, ataandika hufai kazi. Mimi nitakufichia mpaka lini?"

Angekubali bila kuwaza mara mbili kama si mdogo wake wa mwisho, Kitinda. Simu za kwenda nyumbani zilipigwa ofisini, spika imewashwa, Msimamizi akinywa chai pembeni. Katika simu ya mwisho mama alisema kwa furaha kwamba Kitinda ameanza darasa kwa wakala, anamfuata dada yake, watakuwa wawili huko ugenini. Dada Shuka alifungua mdomo. Msimamizi akaweka kikombe mezani.

"Haya, mama," Dada Shuka akasema.

Jambo hilo lilikuwa likimla moyo tangu hapo. Mdogo wake atakaa mbele ya video hii, na atakayemwita aje ni dada yake wa tumbo moja.

Sasa, kwao kulikuwa na ishara. Wageni wakitokea wakati wa chakula na sufuria haitoshi, mama hakusema neno. Aliminya ndewe ya sikio lake la kushoto kama aliyeumwa na mdudu, na watoto wote, hata tumbo likiunguruma namna gani, walisema wameshiba. Kitinda aliijua ishara hiyo kabla hajajua kuvaa viatu. Nje ya nyumba yao hakuna aliyeijua.

Kamera ikawashwa. Dada Shuka alitabasamu, akakariri, na alipofika kwenye chakula cha kutosha akaminya sikio la kushoto. Mpiga picha akamsimamisha, akamuuliza anawashwa na nini. Mbu, akasema. Wakarudia, na mbu akarudi pale pale. Mara ya tatu Msimamizi akachoka, akasema aachwe hivyo hivyo, wanaomtazama wataona ni mtu wa kawaida kama wao.

Siku hiyo alirudi kazini moyo mwepesi, akawatania wenzake kwamba sasa yeye ni msanii, anayetaka kupiga naye picha apange foleni. Kitinda hatakuja. Alilishika wazo hilo kama mtu aliyeficha sukari mfukoni, wiki kwa wiki, hata msimu wa watalii ulipofika na zamu za simu zikafutwa.

Kisha basi la kampuni likaleta wageni. Walipangwa kwenye korido wakikabidhi hati zao, na Kitinda alikuwa wa nne, na lile begi la mama la kuendea misibani. Alimkimbilia dada yake, akamkumbatia mkono wenye kidonda. Dada Shuka akajikaza kisabuni.

"Hukuiona video?"

"Niliiona."

"Sikio, mdogo wangu."

"Nililiona, dada." Kitinda alitazama droo iliyokuwa ikifungwa na hati yake ndani. "Na mama aliliona. Wazazi walialikwa siku ile. Alimwomba mwalimu arudishe pale nyuma, tukatazama tena."

"Akasemaje?"

"Tulipofika nyumbani akaanza kunifungia begi."

Dada Shuka alitaka kumkasirikia mama yake, na hasira haikuja. Akilini alimwona baba yao mgonjwa kitandani, akaona paa la nyumba yao lililoezuka, akaona mshahara wake ulivyokatwa huku na huku hata ukifika kule haumalizi mwezi. Mama alikuwa amehesabu midomo, kama alivyohesabu siku zote. Akampokea Kitinda begi, maana Msimamizi alikuwa akiwaita mezani.

Wageni walikuwa wameongezeka, sufuria ilikuwa ile ile. Mpishi alikuwa akikwangua chini kabla hajafika kwa Kitinda, akamwekea kijiko kimoja cha wali. Msimamizi alipita nyuma ya viti, akiuliza kila mgeni kama ameshiba, na wenyeji wote wa meza ile walitazama sahani zao. Walijua swali hilo linatafuta nini. Mgeni anayelalamika siku ya kwanza huanza kazi kwenye roli.

"Na wewe, mdogo wetu?"

Kitinda, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu uwanja wa ndege, alimtazama dada yake. Ng'ambo ya meza, Dada Shuka aliinua mkono, akaminya sikio la kushoto.

"Nimeshiba," alisema Kitinda.

Msimamizi akampigapiga begani, akasema huyu amefundwa vizuri kwao.