Anasema Nini Yule

Elieza Ishengoma alikuwa ameogopa vitu vingi maishani mwake, na karibu vyote alivizoea. Aliwaogopa Wajapani, akawazoea. Aliwaogopa wakubwa wa Kizungu wa ofisi ya sinema kule Dar es Salaam, akawazoea hata akawa anawasahihishia kazi zao. Lakini mchana ule wa mwaka 1955, gari la sinema likitimua vumbi kuelekea Muleba, alikuwa anamwogopa bibi mmoja ambaye hajapata kumwinulia hata fimbo. Hofu ilimshika tumbo, akamwomba dereva asimame mara mbili ili aingie migombani.

Dereva alikuwa Burhani, mtu wa Bukoba mjini, na ndiye pia aliyeendesha mashine ya kuonyeshea picha. Alidhani mwenzake amekula kitu kibaya Rwamishenye jana yake. Elieza alimwacha adhani hivyo.

Bibi mwenyewe aliitwa Kokubanza, mama yake Ndyamukama. Mwaka 1942, siku moja kabla Elieza na Ndyamukama hawajapanda meli kwenda kuingia Keya, jeshi la Waingereza, vijana hao walinywana, yaani walichanjiana udugu. Mchungaji alikuwa amekataza mambo hayo, lakini Kokubanza alikwenda nyuma ya nyumba, akachuma tunda moja la kahawa, akalipasua. Ndani ya tunda mna buni mbili. Kila kijana alichanjwa kidogo karibu na kitovu, buni yake ikapakwa damu, na mwenzake akaimeza. Tangu hapo walikuwa ndugu kuliko wa tumbo moja, na atakayemtupa mwenzake, tumbo lake litavimba mpaka afe. Ndivyo wazee walivyosema. Na Elieza, pamoja na Biblia yake na nyimbo zake zote za kanisani, alikuwa na tabia ya kulipapasa tumbo kila asubuhi kabla hajafumbua macho.

Alikuwa na sababu. Burma, mwaka 1944, katika mvua isiyojua kukatika, Ndyamukama alipigwa risasi ya paja, akaanguka mahali peupe. Elieza alikuwa kichakani, hatua ishirini tu. Alimsikia akimwita kwa jina. Hakwenda. Alilala mdomo wake ukiwa kwenye matope, kisha akarudi nyuma kwa tumbo, kisha akasimama na kukimbia. Wiki ile ile alimwandikia Kokubanza barua kwamba mwanawe alipigwa risasi ya kichwa, akafa palepale bila kusema neno.

Ukitaka kujua kazi yake ya utunzi ilianza lini, ilianza na barua ile. Baadaye kambini aliandika michezo ya kuwachekesha askari majeruhi, na vita vilipokwisha akaajiriwa ofisi ya sinema, kwanza mkalimani, halafu mwandishi wa hadithi za picha. Aliandika picha ya kuanika kahawa vizuri, ya mama anayechemsha maji, ya mlevi aliyegonga ng'ombe kwa baiskeli. Kila alipopata likizo alikwenda kwao Kagondo, halafu lazima afike Muleba, ambako Kokubanza alimpikia, akamwita mwanangu, akamwonyesha kipande cha kibanja, shamba la migomba, alichomtengea. Alikula chakula kile kwa shida, lakini alikula, maana mama yake mwenyewe alikuwa amefariki zamani na hakuna mtu mwingine aliyekuwa akimwita hivyo, wala mwingine ambaye yeye alimwita Mawe, yaani mama.

Miaka miwili iliyopita, kwa kukosa usingizi, aliandika picha ya askari wawili. Aliweka kila kitu, mvua, kichaka, majeruhi akiita, hata tunda la kahawa likipasuliwa. Alibadili maneno tu. Picha zao hazikuwa na sauti. Msomaji alikaa kando ya mashine na kipaza sauti, akawaeleza watu kinachosemwa. Kwenye karatasi, majeruhi alisema, "Nenda, ndugu yangu, ukawaokoe wenzetu. Mimi niache." Mkubwa wake aliposikia maneno hayo alitoa leso akafuta macho.

Kosa lilikuwa lile tunda. Elieza alidhani picha itazunguka Pwani tu, ambako watu wangeona askari wawili wanatafuna karanga. Halafu ikaja amri kwamba gari liende Bukoba. Na kwa kuwa yeye ndiye Mhaya pekee kati ya waandishi wa ofisi, akaambiwa asome mwenyewe.

Katika onyesho la jana yake Rwamishenye, tunda lilipopasuliwa, wazee walinong'onezana kwamba hao wamenywana. Askari mmoja alipomwacha mwenzake, hakuna aliyepiga makofi. Maneno ya "mimi niache" yalipita juu ya vichwa vyao, na mama mmoja akasonya. Elieza alijua basi kwamba Kokubanza akiiona picha hii ataelewa yote, na baada ya hapo hatakuwa na mama tena.

Walipofika Muleba akamwambia Burhani kwamba mkanda wa askari umekatika, waonyeshe ule wa kahawa peke yake. Burhani akaufungua, akaupitisha vidoleni mwanzo mpaka mwisho, akasema hakijakatika kitu, na tena watu wameshatangaziwa picha ya vita.

Jua halijazama Kokubanza alikuwa amefika. Alitandika mkeka mbele kabisa, akamletea Elieza senene wa kukaanga katika jani la mgomba. Alikuwa amewaambia akina mama wote sokoni kwamba picha hii imetungwa na mwanawe. Elieza alimsihi arudi nyumbani, umande utamwumiza kifua. Kokubanza akacheka, akamwuliza tangu lini amekuwa daktari.

Giza lilipoingia, Burhani akatundika pazia jeupe la kuonyeshea, akawasha jenereta. Ikapita picha ya kahawa, watu wakacheka panapochekesha. Ikaja ya askari. Elieza alisoma. Tunda lilipopasuliwa, akasoma haraka, akasema askari hawa wanakula chakula cha safari. Wazee wakageuka kumtazama. Kokubanza hakugeuka. Alinyoosha shingo mbele, akaacha kutafuna.

Mvua ikanyesha katika pazia. Askari mmoja akaanguka. Mwenzake akajificha kichakani. Majeruhi akainua kichwa, mdomo wake ukafunguka, ukafumba, ukafunguka tena.

Elieza alikuwa na maneno yake mbele ya macho, yameandikwa vizuri kwa wino. Sauti haikutoka.

"Elieza," Kokubanza akasema kutoka mkekani, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. "Anasema nini yule?"

Ingekuwa rahisi kusoma. Hofu yote aliyokuwa nayo ilimwambia asome. Lakini aliona jinsi yule mama alivyoliegemeza sikio lake upande wa pazia, akijaribu kusikia kitu ndani ya picha isiyo na sauti, na akaona kwamba alivyokaa vile ndivyo alivyokaa miaka kumi na moja.

"Anasema, Elieza, usiniache."

Kipaza sauti kilipeleka jina lake mpaka barabarani. Katika pazia yule askari wa kichakani akasimama, akakimbia.

"Na yule anayekimbia ni mimi," akasema.

Mkanda ukaisha. Watu hawakuondoka. Kokubanza akainuka taratibu, akaja mpaka kwenye mashine. Elieza aliogopa kuliko alivyopata kuogopa Burma, na bila kujua alikuwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili.

"Aliita mara ngapi?"

"Nilizosikia ni tatu, Mawe."

"Na mimi je? Aliniita?"

Hapo angeweza kumpa zawadi. Neno moja tu lingetosha, na yeye alikuwa mtunzi.

"Sijui," akasema. "Nilikuwa nimeshakimbia."

Kokubanza akalitazama pazia tupu. Halafu akasema kwamba Ndyamukama akichomwa na mwiba tu alikuwa akilia mpaka majirani wanatoka, na kwamba tangu siku ile aliposomewa barua hakuwahi kuielewa, mtoto yule kufa bila kusema neno. Hakumwita Elieza mwanangu. Hakumlaani pia. Alimgeukia Burhani.

"Rudisha pale anapoita."

Burhani akamtazama Elieza. Elieza akatikisa kichwa kukubali, na mkanda ukaanza kurudi nyuma. Kokubanza hakurudi mkekani. Alisimama pale pale, bega lake likigusa bega la Elieza.

"Sema kama alivyosema yeye," akamwambia. "Usinipunguzie."

Mvua ikanyesha tena katika pazia. Majeruhi akainua kichwa, na Elieza akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akaanza kuliita jina lake mwenyewe.