Umechoka, Mtani?

Mume wangu, Baba Faidha, alikuwa na miaka hamsini na mbili, mkaidi kupindukia. Kwenye mashindano ya baiskeli kutoka Masasi hadi Newala, mlimani, saa yake ya kupima mapigo ya moyo ikalia. Akashuka apumzike. Nikolao, mtani wake wa Kimakonde, akamcheka: "Myao, umechoka?" Baba Faidha akavua saa, akamtupia, akapanda tena. Hakufika juu.

Msibani watani humwigiza marehemu, ndiyo mila. Nikolao akaivaa saa ile, akakimbia uani akihema kama mume wangu. Waombolezaji wakacheka. Ghafla saa ikalia. Nikolao akasimama, machozi yakimlengalenga.

"Kimbia," nikamwambia. "Kwani umechoka, mtani?"