Sijambo ya Mama Mikunjo

Siku ya kwenda kupimwa, Mama Mikunjo alilipiga pasi gauni lake mara mbili. Wifi yake alisimama mlangoni akimtazama, mkono kiunoni, mdomo kaubinua.

"Wewe unakwenda kuomba posho au unakwenda kuposwa?"

"Siendi kwa watu nimekunjamana."

"Haya, bibi harusi. Leta huo mguu."

Mama Mikunjo akaketi kitandani. Sukari ilikuwa imekaa mwilini mwake miaka mingi, na polepole, kama mpangaji mkorofi, ilikuwa imemtoa nyumbani mwake chumba baada ya chumba. Ilianza na miguu, ikafa ganzi. Ikaja kwenye vidole vya mikono. Sasa ilikuwa kwenye macho, hata nyayo zake mwenyewe hakuweza kuziona vizuri. Kwa hiyo wifi, dada wa marehemu mumewe, ndiye aliyepiga magoti kila asubuhi, akamwosha miguu, akakisafisha kidonda cha chini ya kidole gumba na kukifunga bandeji. Alifanya yote hayo huku akimtukana, ili isije ikaonekana ni huruma.

"Mguu gani huu, kama gunia la mkaa!"

"Wa kaka yako ulikuwa mzuri zaidi?"

"Wa kaka yangu uliuona wewe. Tulia."

Hilo jina la Mama Mikunjo alipewa kwa dobi alikofanya kazi, kwa kuwa shati halikuwahi kutoka mikononi mwake likiwa na mkunjo hata mmoja. Lakini siku hizi mashati yalitoka na alama za kuungua. Siku moja alikiegemeza kiganja kwenye pasi ya moto, akasikia harufu ya nyama inayoungua kabla ya kujua kwamba nyama hiyo ni yake. Kisha sukari ikamshuka ghafla, akaanguka palepale kazini. Daktari hakumung'unya maneno: pasi basi, la sivyo mkono utakatwa, au litatokea kubwa zaidi. Sasa kuacha pasi ilikuwa ni kuacha kula, na kuacha kununua insulini. Kilichobaki kilikuwa posho ya ulemavu, na hilo neno la mwisho Mama Mikunjo hakuweza kulitamka. Majirani walipouliza wanakwenda wapi, alijibu kwamba wanakwenda kumwona mgonjwa.

"Tena mgonjwa mwenyewe mbishi," wifi akadakia.

Ofisini kulikuwa na watu wengi na mabenchi machache. Mlinzi wa mlangoni alimwona anavyopapasa ukuta, akainuka na kumsogezea kiti chake mwenyewe, kisha akajifanya anataka kunyoosha miguu. Zamu ya Mama Mikunjo ilipofika, wifi akazuiwa. Huingia anayepimwa peke yake.

Chumbani alimkuta afisa, msichana wa umri wa binti yake, miwani puani, faili mezani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za nyumbani?"

"Njema."

"Na afya je, mama? Unaendeleaje?"

"Sijambo kabisa. Tunamshukuru Mungu."

Kalamu ikaandika.

"Kutembea?"

"Si umeniona nimeingia mwenyewe?"

"Kuoga, kujisafisha?"

Hapo akasita. Akilini akamwona wifi amepiga magoti na beseni, akaona haya kana kwamba msichana naye anaona. "Naoga mwenyewe, mwanangu. Mtu mzima mimi."

"Na kazi?"

"Tunasukuma."

Hakukusudia kudanganya. Tangu alipojua kusema alifundishwa kwamba salamu haijibiwi kwa malalamiko. Hata mwenye maiti ndani huanza kwa kusema njema, halafu ndipo aseme, ila tumefiwa. Hiyo 'ila' ndiyo iliyomkwama kooni. Gauni lilikuwa limenyooka, kitambaa cha kichwa kimekaa sawa, na msichana alikuwa mpole mno. Angeanzia wapi kumwaga uchafu mbele ya mtoto mpole namna ile?

"Vizuri, mama," afisa alisema, na kwa kweli alionekana kufurahi. "Kumbe hali si mbaya kama nilivyohofia. Kwa majibu haya posho itakuwa vigumu kuipata, lakini kheri uzima. Nisubiri nje kidogo, nimalizie kuandika."

Mama Mikunjo akamshukuru. Akatoka.

Wifi aliruka kutoka benchini. "Wamesemaje?"

"Ameniuliza hali."

"Ukasemaje?"

Mama Mikunjo akalinyoosha gauni lake.

"Wifi. Ulisemaje?"

"Nilisema sijambo."

Wifi alicheka, kicheko kikamkatikia katikati. "Sijambo! Mguu umetoboka, kiganja kimebabuka, jicho kama kioo cha bafuni, sijambo! Mficha uchi hazai, na wewe hata umri wa kuzaa umekupita bado unaficha tu!"

"Sauti, wifi. Watu wanasikia."

"Wasikie! Hapa si mahali pa kujikaza kisabuni."

"Nilisalimiwa," Mama Mikunjo alisema kwa unyonge. "Ningejibuje?"

Wifi akaketi. Kwa muda hakutukana, na hapo ndipo Mama Mikunjo alipoogopa.

"Mimi magoti yananiuma," wifi alisema, akitazama sakafu. "Sikutaka kukwambia. Kila asubuhi nikiinama kwako, kuinuka ni kwa kudra za Mungu. Na huko kwa dobi bado unakwenda. Siku nikishindwa kuinama, huo mguu atauangalia nani? Utajuaje umeoza? Kwa harufu, kama ulivyojua mkono?"

Asubuhi zote zile Mama Mikunjo alikuwa akiona haya kwa ajili ya miguu yake, na hakuwahi hata siku moja kumtazama aliyekuwa akiinuka kutoka sakafuni.

Akaushika ukuta, akarudi, akabisha mlango.

"Umesahau kitu, mama?"

"Nimesahau, mwanangu. Ile sijambo ilikuwa ya salamu. Nimesahau ila yake."

Msichana alimtazama kidogo, kisha akaelewa, maana naye alilelewa kwa salamu zilezile. Akaivuta faili. "Karibu, kaa. Nipe hiyo ila."

Mama Mikunjo akainama kuvua kiatu. Vidole vilitafuta kifungo, vikakipita, vikarudi, vikakipita tena. Afisa alizunguka meza akamfungulia. Bandeji ilikuwa imelowa. Msichana hakukunja uso wala hakuziba pua.

"Mguu huu siuhisi," Mama Mikunjo alisema. "Siuoni. Sijioshi mwenyewe. Nimekwambia uongo. Wifi yangu ndiye anayeniosha, kama mtoto mchanga."

"Na kazini?"

"Nilianguka."

"Ulipoteza fahamu?"

"Ndiyo. Na…" Dirisha lilikuwa wazi, na nje watu walikuwa kwenye foleni. Afisa akainuka, akalifunga, akarudi kuketi bila kusema lolote.

"Nilijikojolea, mwanangu. Mbele ya wateja. Nilipozinduka nilikuta nimefunikwa shuka la watu, na tajiri yangu anafoka dukani, nani mjinga kaiacha ndoo hapa, tazameni maji yalivyotapakaa! Ndoo ilikuwa imelala ubavuni kwangu. Nami najua niliiacha nyuma, kwenye karo la kufulia. Aliileta mwenyewe akaimwaga juu ya aibu yangu. Mpaka leo hajanitajia hilo, wala sijamtajia. Akinipa shati nashindwa kumtazama usoni."

Kalamu ilikuwa imesimama. Msichana alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kuanguka nitaandika," alisema. "Kidonda, ganzi, macho, na kwamba unaoshwa. La ndoo halina mahali pa kuandikwa humu."

"Yale ya mwanzo?"

"Yale yalikuwa salamu." Akayakata kwa mstari. "Mama, kwa haya ninayoyaona unastahili, na leo hii nakupitisha. Kutoka hapa, huo mguu uende ukasafishwe hospitali, nitakuandikia. Pasi usiiguse tena."

Mama Mikunjo alingoja furaha ije, haikuja. Kilichokuja ni aibu tu, ya mtu aliyevuliwa nguo na kuambiwa ameshinda. Akamsikia msichana akisoma polepole alichokuwa akikiandika, na lile neno lilikuwamo, mlemavu, na jina lake pembeni yake.

"Bado kimoja tu, mama. Weka mikono mezani, nione hilo kovu."

Akaiweka, viganja vikitazama juu. Alitamani sana kujifunika uso, ila mikono ndiyo hiyo iliyokuwa ikitazamwa, na mtoto wa watu alikuwa bado anaandika. Akaiacha palepale.