Maji Chini ya Barafu

Ukimsikiliza Mama Elisha, jirani yao wa Manundu, Korogwe, anayeuza dagaa na nyanya mbele ya nyumba yake, Muhidini alimezwa na barafu mzima mzima, kama chatu anavyomeza mbuzi, na mkewe Hafsa akabaki ameshika koti tupu. Anasema Wazungu walitazama saa zao, wakamwambia Hafsa, mama twende, huyo keshakwenda. Hafsa akagoma. Akalala kifudifudi juu ya ile barafu siku mbili, anasoma dua, mpaka barafu yenyewe ikachoka, ikamtema mtu wa watu. Akifika hapo Mama Elisha hushusha sauti, ingawa wateja wote wanamsikia.

"Sasa mimi nawauliza, aliyetemwa ndiye aliyemezwa? Mtazameni anavyotembea."

Watu hucheka, halafu humtazama. Na kweli, tangu arudi safari Muhidini haikanyagi ardhi kama zamani. Hutanguliza mguu mmoja, akaijaribu nchi kwanza, ndipo mwili ufuate, hata kwenye uwanja wao wenyewe aliofagia mkewe asubuhi.

Hafsa hajambishia Mama Elisha hata siku moja. Yeye tangu utoto ni mtu wa kutazama kuliko kusema. Lakini moyoni anajua kwamba hazikuwa siku mbili. Ulikuwa muda wa kusonga ugali na kuunga mboga yake, basi. Na hakushika koti. Hakuwa ameshika kitu chochote, na hilo ndilo linalomuuma.

Muhidini ni mtu wa Sindeni, huko Handeni, ambako hakuna mlima wa maana wala mto unaodumu mwaka mzima. Kilichompeleka Kilimanjaro ni kazi. Kwa miaka sita amekuwa mpagazi, anabeba mizigo ya watalii kwa kichwa na mgongo, akimaliza msafara anarudi Korogwe kwa mkewe na mtoto wao Zamda. Hafsa, mzaliwa wa Mnyuzi, hakuwa na neno na kazi hiyo mpaka alipokufa Mhina wa Mazinde. Mhina alikuwa akibeba mizigo pamoja na Muhidini. Alishushwa mlimani amefungwa ndani ya turubai la hema, na buti zake miguuni, kwa sababu baridi ilimjaa mapafuni. Hafsa alikwenda msibani. Mama wa marehemu alikuwa amekaa chini na zile buti mapajani, anatoa tope kwenye soli kwa kijiti, taratibu, kana kwamba mwenyewe atazihitaji kesho.

Tangu siku ile Hafsa alikuwa na hofu moja tu, kwamba mlima utamchukua Baba Zamda. Hakuisema. Alimkunjia soksi zake, akamfungia mkate wa mchele, akamsindikiza hadi stendi, akarudi nyumbani kuhesabu siku.

Basi mwaka jana bibi mmoja wa kutoka Nyuzilandi aliteguka goti huko juu, na Muhidini ndiye aliyembeba mgongoni nusu siku nzima mpaka walipokutana na machela. Bibi yule na mumewe hawakusahau. Waliandika barua, wakaandika nyingine, mwisho wakaleta tiketi mbili za ndege, njooni mtutembelee na sisi. Mama Elisha alipoambiwa wanakwenda Nyuzilandi aliuliza tangu lini watu wakaenda Mnyuzi na pasipoti. Zamda akapelekwa Sindeni kwa bibi yake, na hao wakaondoka.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya kondoo, maziwa na kuchekeana, maana Hafsa hakujua Kiingereza na wale wazee hawakujua Kiswahili zaidi ya pole pole. Siku ya nane wakaletewa zawadi. Watapandishwa helikopta, wakashushwe juu ya mto wa barafu, watembee huko na mwongozaji, kisha helikopta iwarudie. Hafsa alitaka kukataa. Lakini kwao mgeni hakatai alichopakuliwa, na alipomtazama mumewe uso aliona hakuna wa kumwambia. Miaka sita Muhidini alikuwa akipita karibu na barafu akiwa na mizigo ya watu kichwani. Hakuna aliyewahi kumwambia, weka mzigo chini, nenda kaiguse.

Kwanza walipimwa uzito mmoja mmoja kwenye mizani, kama marobota ya katani, ili helikopta isielemee upande. Kisha wakafungwa mikanda, wakavishwa vitu vya masikioni, na kile chombo kikanyanyuka bila kukimbia, kikawatoa ardhini kama mtu anavyomtoa kifaranga chini kwa kumkamata mgongo. Hafsa alifumba macho, akaisoma Ayatul Kursi mpaka mwisho, akaianza tena. Alipofumbua aliona bonde lote limejaa weupe uliochanika chanika, na katika kila mchaniko mlikuwa na rangi ya buluu ambayo hakuwahi kuiona kwenye kitu cha kuguswa.

Mwongozaji alikuwa msichana wa rika lake, jina lake Kiri, mwenye mikono mipana kama ya mtu wa shamba. Aliwafungia kila mmoja meno ya chuma chini ya buti na kofia ngumu kichwani, akawapa fimbo zenye ncha ya chuma. Walikuwa Hafsa, Muhidini na wageni wengine watatu. Akasema maneno marefu. Muhidini akamfupishia mkewe kwamba kanuni ni moja tu, unakanyaga alipokanyaga yeye.

Kwa kuwa hakuielewa lugha, Hafsa aliisoma miguu ya Kiri. Aliona kwamba kabla ya kila hatua alichoma mbele kwa shoka dogo la barafu alilobeba. Aliona kwamba palipokuwa na barafu ngumu, ya buluu, yenye vumbi na vijiwe, Kiri alipita bila wasiwasi. Palipokuwa peupe, laini, pazuri kama unga uliochekechwa, alipazunguka, hata kama njia ilikuwa ndefu. Haukupita muda Hafsa akajua bila kuambiwa na mtu kwamba pale peupe ni pa uongo. Alitaka kumwambia mumewe. Akajisemea, huyu ni mtu wa milima, mimi nitamfundisha nini.

Wakatembea kwa mstari. Muhidini alikuwa nyuma yake, wa mwisho, anapiga mluzi. Hafsa hakuwahi kumsikia mumewe akipiga mluzi. Wingu lilikuwa limeanza kushuka kutoka juu ya bonde, na Kiri alilitazama mara mbili, akaongea na redio yake begani. Hafsa aliyaona hayo pia.

Halafu mluzi ukakatika.

Hapa lazima lieleweke jambo moja la watu wa kwao Muhidini. Huko Sindeni kiangazi kikikaza, watu hushuka kwenye makorongo makavu kutafuta maji chini ya mchanga. Wanatembea polepole, wameinamisha vichwa, wanasikiliza. Wanagonga kwa fimbo, na palipo na mlio wa utupu ndipo panapochimbwa. Aliyesikia kwanza haulizi mtu. Anatoka kwenye njia, anasimama palepale, anagonga mara tatu kwa nguvu ili wenzake wajue pamepatikana na zamu zipangwe. Muhidini alilelewa hivyo tangu anabebwa mgongoni. Sasa chini ya ile barafu alisikia maji, tena si ya kudondoka, maji ya mto mzima yanayokimbia, na mwili wake ulifanya ulichofundishwa kabla akili haijaulizwa.

"Mama Zamda, njoo usikie," alisema. Sauti yake ilikuwa ya furaha. "Maji. Maji mengi hapa chini."

Hafsa aligeuka. Mumewe alikuwa ametoka kwenye mstari hatua nne, amesimama katikati ya pale peupe, fimbo ameinyanyua. Akagonga mara moja. Hafsa alifungua mdomo kumzuia. Akagonga ya pili. Mlio wake ulikuwa wa ngoma. Ya tatu Hafsa hakuisikia, maana pale aliposimama mumewe hapakuwa na mtu. Palikuwa na shimo si kubwa kuliko mlango wa banda la kuku, na unga mweupe unaendelea kumwagikia ndani.

Hafsa alikimbia. Hatua mbili tu, mkono ukamkamata mgongoni, ukamwangusha chini kwa nguvu. Alikuwa Kiri. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na wa Hafsa, akatikisa kichwa mara moja. Wale wageni watatu akawaonyesha wakae walipo, wakakaa, mmoja akaanza kulia kimyakimya. Kiri akazungusha skrubu nene za chuma kwenye barafu ngumu, akafunga kamba, akatambaa hadi ukingoni na kuita. Aliita kwa Kiingereza, akangoja, akaita. Yaliyojibu ni maji.

Ndipo akamgeukia Hafsa. Akaonyesha mdomo wake, akaonyesha shimo, kisha akamfunga kamba kiunoni na kumwonyesha atambae kama mjusi.

Chini kulikuwa na kuta mbili za buluu, zinakaribiana kadiri zinavyoshuka, na baada ya buluu lilikuwa giza tu. Muhidini alikuwa amebanwa kifuani katikati ya kuta hizo, kina cha kisima cha watu watatu waliosimama mmoja juu ya mwenzake. Mkono mmoja ulikuwa juu, miguu inaning'inia penye sauti ya maji. Macho yalikuwa wazi. Hafsa akamtazama vizuri, kwa kuwa kutazama ndiko alikokujua, akaona jambo. Kila mumewe alipotoa pumzi, kifua kilipungua, naye aliteremka. Kidogo, unene wa kidole. Akivuta pumzi anakwama. Akiitoa anateremka tena.

Akamwita. Akamwita tena kwa jina la mtoto. Midomo ya Muhidini ikacheza, lakini maneno yaliyotoka yalikuwa ya Kizigua, na hayakuwa ya mke. Alikuwa anaongea na mama yake. Alimwambia ameyapata maji, aliyasikia yeye kwanza, walete ndoo.

Kamba ya Kiri ilikuwa imeshashuka, ina kitanzi, inamgusa kofia, naye haioni. Kiri akasema kitu, mara mbili, haraka. Wingu lilikuwa limefika. Wageni watatu waliokaa nyuma walikuwa vivuli sasa. Kwenye redio mwanamume alikuwa anauliza swali lilelile, na Hafsa hakuhitaji kufasiriwa kwamba ni rubani, na kwamba anauliza kama aje sasa au asije kabisa.

Alitaka kulia. Badala yake aliuliza kichwa chake, huyu yuko wapi sasa hivi? Yuko Sindeni, shimoni, mtoto wa miaka kumi. Basi akamfuata hukohuko. Akaikaza sauti kama wanawake wa zamu wanavyoikaza wakichoka kusubiri juani, akasema kwa Kizigua hichohicho.

"Wewe uliyemo kisimani, umeshachota. Kamba hiyo imeshuka. Jifunge kwapani utoke, wenzio wanangoja zamu."

Muhidini akanyamaza. Hafsa akarudia, safari hii kwa ukali, kwamba watu ni wengi, jua limepanda, na yeye anakaa shimoni kana kwamba kisima ni cha baba yake. Na ule mkono uliokuwa juu ukasogea. Ukapapasa. Ukaikuta kamba. Kitanzi kikapita kichwani, kikakwama begani, na katika kuhangaika huko akashuka unene wa vidole viwili kwa mpigo, Hafsa akaona giza linamfikia kidevu. Kisha kikaingia kwapani.

Kiri na wale watatu wakavuta. Hafsa alibaki kifudifudi, hakuondoa macho yake, kwa sababu aliamini akiyaondoa kamba itakatika. Buti moja ilikuwa imenasa kwa meno yake kwenye ukuta. Ikavuka mguuni, ikadondoka. Hakuisikia ikifika chini.

Kiri alimwita rubani, na helikopta waliijua kwa kelele kuliko kwa macho. Mbavu mbili za Muhidini zilikuwa zimepasuka na vidole vya mguu vimekuwa vyeupe kama chaki. Siku mbili alilazwa hospitali, labda ndizo hizo siku mbili za Mama Elisha. Bibi wa Nyuzilandi alikaa pembeni ya kitanda akilia, na Muhidini ndiye aliyembembeleza. Kwa mkewe alisema mara moja tu kwamba anakumbuka kulikuwa na foleni.

Wamerudi Manundu sasa miezi mitatu. Mbavu zimeunga. Zamda amerudi kutoka Sindeni, amenenepa, anamtania baba yake kwa kutembea kama kuku aliyefungwa kamba. Jana asubuhi Hafsa alikuwa anachambua mchele mlangoni, mumewe amekaa karibu yake kwenye kigoda, anampasulia mtoto muwa, mara simu ikaita juu ya dirisha. Muhidini akainuka akaichukua. Hafsa aliliona jina kwenye kioo kabla mumewe hajalificha. Alikuwa Yusuph, kiongozi wa misafara, anapiga kutoka Moshi, na Yusuph hajawahi kupiga kusalimia.

Hafsa akauweka ungo chini.

"Baba Zamda," alisema, "tangu umenioa sijakuomba kitu. Leo nakuomba. Mwambie hurudi tena mlimani."

Muhidini alisimama, simu mkononi, kidole gumba kinapita juu ya kioo bila kukibonyeza. Alimtazama mtoto. Alitazama nje, barabarani, anakopita kila mtu na shughuli zake. Simu ikakatika. Hafsa akangoja.

Ikaanza kuita tena.