Kona ya Mama

Mama Sikudhani, tunayepakana naye ukuta, anadai usiku wa jana niligonga ukuta nikisema, "Sabini, sabini," hadi mumewe aliyekuwa anasali akapoteza hesabu ya rakaa. Simkatalii. Ndivyo nilivyoota.

Nimemimina kashata kwenye sinia. Naikata mshazari upesi, maana ikipoa itavunjika ovyo.

Kisu kinaniuliza, "Unakata nini?"

"Kashata."

"Unakata rombasi. Pande nne, zote sawa. Umepima?"

"Nimepima kwa gumba."

"Gumba la nani?"

"Langu."

Kikaguna, kama karani aliyeletewa karatasi isiyo na muhuri.

Nikainama kupuliza sinia. Nilipoinuka niko ndani yake. Ni ua mkubwa wa sukari, una kona nne. Kwenye kona moja nyembamba mama yangu kakalia mbuzi, anakuna nazi. Kuta mbili za kona hiyo zinasogeleana.

"Mama, toka humo."

"Ngoja nimalize kifuu hiki."

Kisu kikasema, "Kona isiyojulikana nyuzi zake hufungwa kashata ikipoa. Ndiyo sheria."

Nilikanyaga chini. Palishaanza kupoa.

Nikakimbilia kona ya jirani. Imekaliwa na mwanamke mnene, kajifunga leso ya njano, kibao kifuani kimeandikwa 110. Akajikuna pua. Kule mbali, kona ya mkabala, mwanamke mwingine mnene wa leso ya njano naye akajikuna pua.

"Yule ni pacha wako?"

"Simjui hata jina. Tunatazamana, basi lazima tulingane. Nikipata mafua, naye anapiga chafya."

"Dada, nisaidie. Kona ya mama yangu ina nyuzi ngapi?"

"Mimi na mama yako tunashirikiana ukuta mmoja. Tulipewa mia na themanini tugawane. Mimi nilichukua mia na kumi."

"Mbona ulichukua nyingi hivyo?"

"Nilitangulia."

Mimi niliishia darasa la saba. Nikatoa kwa vidole, vikaisha, nikaazima vya yule mwanamke. Huku nyuma naisikia mbuzi inakwaruza ukuta. Magoti ya mama yamegusana.

"Sabini!" nikasema. "Sabini!"

Kuta zikasimama, zikarudi nyuma. Mama akanyoosha miguu, akaendelea na nazi yake. Nikakaa chini kwenye sukari.

Hapo akaja mtu mrefu, mwembamba kama uzi, anatembea moja kwa moja kutoka kona inayotazamana na ya mama. Akanipa salamu.

"Mimi ni mstari wa mshazari. Hongera kwa sabini. Sasa napita kati, niigawe: thelathini na tano huku, thelathini na tano kule."

"Humo kuna mtu."

"Sheria haijamtaja mtu."

"Kaka, zunguka."

"Nikizunguka sitakuwa mimi."

Mama akainua uso. "Siwema, nisogee upande upi, mwanangu?"

Nikafungua mdomo, nikajikuta kitandani.

Asubuhi mama akanipa mgongo nimfunge zipu ya gauni. Kuanzia shingoni hadi kiunoni una mstari mwekundu, mwembamba, umenyooka kama wa rula, umemgawa nusu kwa nusu. Nikaishika zipu, sikuipandisha.

"Panawasha tangu alfajiri," mama akasema. "Hebu niambie, Siwema, kuna nini hapo?"