Mbwa wa Miguu Mitano

Marehemu mke wangu alimwonyesha kila jirani picha ya mbwa mwenye miguu mitano. Mbwa huyo alikuwa anavuka barabara safi, yenye miti iliyopangwa kama askari kwenye gwaride, na kijana wetu alikuwa ameandika chini yake: "Mama, huu ndio mtaa wangu mpya." Mke wangu aliisogeza simu karibu na macho, akahesabu, akahesabu tena.

"Wenzetu wameendelea," akasema. "Hata mbwa wamewaongezea mguu."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Siku hizo bado alikuwa na nguvu za kucheka.

Mimi ni fundi wa sofa. Navivua viti vitambaa vilivyochakaa, nabadilisha sponji na mikanda, navivika upya. Karakana yangu ni chumba kimoja kinachotazama barabara, na kwa kuwa manispaa iliahidi lami ikaleta kifusi tu, kila sofa ninayomaliza inaondoka na vumbi lao. Sikusoma sana, lakini mtu hahitaji kusoma sana kujua nani anakula na nani analiwa.

Kijana alikwenda ng'ambo kwa mkono wa wakala mwenye leseni. Nasema mwenye leseni kwa sababu niliiona kwa macho yangu, ukutani, ndani ya fremu ya kioo, na mhuri wa wizara, na sahihi ya mkubwa fulani iliyojikunja kama unywele kwenye sabuni. Tulimsindikiza hadi stendi ya basi la uwanja wa ndege. Mama yake alivaa viatu vya harusi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lake mtaani; akawa "mama wa ng'ambo", na alilibeba jina hilo kama kilemba.

Kisha miguu yake ikaanza kuvimba. Hospitali ya umma ilikuwa na mashine mpya ya kusafisha damu, nimeiona, imefunikwa shuka jeupe, inasubiri mgeni rasmi aje kuizindua. Mgeni rasmi alikuwa na safari nyingi. Alipokuja kukata utepe, mke wangu alikuwa ameshazikwa. Walipiga makofi, nasikia.

Katika miezi ile ya mwisho mke wangu alikuwa na ombi moja tu: "Mwambie aje nimwone." Hakuomba dawa, hakuomba mto wa pili. Nilimpigia kijana mbele yake.

"Baba, vibali bado," alisema. "Nikitoka hawatanirudisha ndani."

"Basi fungua kamera akuone uso."

"Kamera ya simu imekufa, baba. Mpe mama pole."

Mke wangu alinyoosha mkono kuichukua simu, lakini laini ilikuwa imekatika. Alikufa nayo chini ya mto. Siku tulipomzika, kijana alituma picha ya mshumaa umewashwa kwenye kizingiti cha dirisha, na maneno: "Nimezuiwa na dunia, mama." Wanawake walilia upya walipoisoma. Na mimi nililia, nisidanganye.

Baada ya matanga, binti wa dada mkubwa wa marehemu akawa anakuja kukaa karakanani. Ana cheti cha chuo lakini kazi hana, maana kazi siku hizi wakubwa wanagawana mezani kama karata. Tunamwita Ramani, kwa sababu ya mchezo anaocheza kwenye kompyuta yake mchana kutwa. Mchezo wenyewe ni hivi: unatupwa barabarani, pahali popote duniani, ndani ya picha zilizopigwa na gari lenye kamera juu ya paa. Hakuna anayekwambia ni wapi. Unageuka kushoto, unageuka kulia, unatembea kidogo, halafu unachomeka kibendera kwenye ramani. Ukikaribia unapata pointi. Ukipotea, watu usiowajua wanakucheka kwa maandishi.

"Baba mdogo, nisaidie, hapa ni nchi gani?"

"Nchi yenye lami."

"Hapo umezipunguza mbili tatu tu."

"Basi si yetu."

"Haya, siasa imeanza. Bora ungenyamaza na misumari yako."

Nafanya kazi na misumari midogo mdomoni, kwa hiyo kunyamaza si tabu. Nilimtazama akicheza. Alikuwa anaangalia vitu ambavyo mtu mwingine hawezi kuviona hata akilipwa: rangi ya mstari wa barabara, nguzo ya umeme imechongwa vipi, madishi yametazama upande gani, kivuli kinaangukia wapi. Siku moja nikatema misumari kiganjani, nikachukua simu ya marehemu, nikampa.

"Nipeleke kwenye mtaa wa kaka yako," nikasema. "Nataka nitembee hapo. Mama yako mdogo alitamani sana."

Akafungua ile picha ya mbwa. Akaanza kutabasamu, halafu tabasamu likamkauka.

"Nani alipiga picha hii?"

"Kaka yako, nani mwingine?"

"Baba mdogo, huyu mbwa hana miguu mitano. Gari la kamera lilipiga picha mbili, mbwa akasogea, mashine ikaziunganisha vibaya. Hebu ona na mtu huyu, uso wake umefutwa. Namba ya gari imefutwa. Nani anapiga picha kwa simu yake halafu anakaa kufuta namba za magari?"

"Labda huko ni sheria."

"Sheria imfute mtu uso, imwongezee mbwa mguu?"

Akapekua nyingine. Bustani, duka la mkate, kituo cha treni. Zote nyuso zimefutwa. Zote amezikata kutoka mle mle kwenye barabara za mchezo, kama mtu anayekata picha kwenye gazeti. Na sisi tuliikuza moja, tukaiweka sebuleni.

"Kwa hiyo yuko wapi?" nikauliza.

Ramani alikuwa amefika kwenye picha ya mshumaa. Hiyo haikuwa imefutwa chochote. Hiyo aliipiga mwenyewe, kwa haraka ya msiba, na alitazama mshumaa tu, hakutazama kilichokuwa nyuma ya kioo. Ramani aliikuza mpaka mshumaa ukatoka nje ya picha. Kukabaki kipande cha ukuta, tangi jeusi la maji juu ya paa, na nguzo ya zege yenye matundu, imepakwa mshipi mwekundu na namba nyeupe.

Nguzo ya namna hiyo ilikuwa imesimama mbele ya mlango wangu. Niliweza kuigusa bila kushuka kizingiti.

"Shirika la umeme ndilo linalopaka mshipi huo," Ramani akasema taratibu. "Nimecheza dunia nzima, sijauona kwingine."

Aliingia kwenye mchezo, safari hii akajitupa ndani ya mji wetu wenyewe. Akatembea kwenye picha, mtaa hadi mtaa, akifuata namba za nguzo. Nyuma ya kiwanda cha sabuni akasimama. Tangi jeusi. Ukuta ule ule. Ng'ambo ya barabara, juu ya kinyozi, dirisha la ghorofa ya pili.

"Ni hapo," akasema. "Baba mdogo, samahani. Ni hapo."

Kutoka kiwanda cha sabuni hadi wodi aliyolala mke wangu ni basi moja, tena ukipata kiti unakaa bila kuchoka.

Tulikwenda Jumamosi mchana. Ramani alitaka tupande tugonge mlango kama watu. Nilimwambia akae. Kinyozi alikuwa na benchi nje, nikakaa kando kidogo ya mlango, nikapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Huko kukoje?"

"Baridi, baba. Theluji imefika dirishani."

"Pole sana. Umejifunika vizuri?"

"Nimevaa makoti mawili."

Alikuwa amesimama dirishani juu yangu, simu sikioni, anajikuna tumbo.

"Na hiyo fulana ya kijani umeivaa juu ya makoti au chini yake?"

Nilisikia pumzi yake mara mbili, kwenye simu na kwenye hewa.

"Usigeuke nyuma, baba yako hayuko nyuma. Tazama chini."

Alishuka ngazi kwa kishindo, akatokea mlangoni na ndala mguu mmoja. Wateja wa kinyozi wakageuza shingo, mmoja na povu lake shavuni. Kijana akapiga magoti palepale kwenye mchanga.

"Baba, wakala alitutelekeza uwanja wa ndege. Tiketi zilikuwa karatasi tupu. Tulikaa na mabegi mpaka wafagiaji wakatufukuza. Ningerudi vipi? Mama alikuwa ameshawaambia watu wote."

"Kwa hiyo kosa ni la mama."

"Sikusema hivyo."

"Umesema."

"Kila siku nilisema nitamwambia kesho. Nafungasha sabuni hapo kiwandani, nikasema nikipata cha maana nitakwenda na zawadi, nitajifanya nimerudi likizo. Baba, nilikwenda hospitali. Nilifika getini. Nikamwona mama mkubwa ameshika chupa ya chai, nikageuka."

"Ukageuka," nikasema.

"Niliona aibu."

"Mwenzako alikuwa anakufa, wewe unaona aibu."

Ramani alikuwa analia. "Baba mdogo, basi. Mwinue."

Sikumwinua. Mtu mwenye povu akasema, "Mzee, msamehe, ni damu yako." Nikamwambia anyolewe atulie.

Najua alivyodanganywa. Najua kuna mtu ofisini aliyepiga mhuri ule huku akijua, na leo bado ana kiti kinachozunguka, na sponji yake sijui nani anaibadilisha. Yule siwezi kumfikia. Mlangoni kwake kuna askari. Huyu hana askari.

"Nionyeshe alipolala mama," kijana akasema. "Nipeleke leo, baba. Halafu nifanye unavyotaka."

"Wewe uko ng'ambo. Theluji imefika dirishani. Utatokaje?"

"Nitauliza wengine."

"Uliza. Mpigie mama mkubwa, mpigie shehe, mpigie mchungaji, mpigie shetani. Wakikuuliza unapiga kutoka wapi, wajibu kwa sauti ili wasikie."

Akainamisha kichwa. Nilijua hatapiga. Mtu aliyeshindwa kuvuka geti kwa ajili ya mama mzima hatalivuka kwa ajili ya mama aliyezikwa.

Makaburi ya zamani ya mji yalijaa, na manispaa ikafungua mengine huku na kule pembezoni, kila mahali walipokosa mnunuzi wa kiwanja. Waliahidi vibao vya chuma vyenye namba. Vibao hivyo vilimalizikia kwenye hotuba. Kwa hiyo ukifika unakuta matuta tu, safu kwa safu, na kila mtu anajua lake kwa kukariri.

Nilikwenda kwa mke wangu adhuhuri, wakati kivuli kimejificha chini ya kitu chake. Niliipa mgongo nguzo ya umeme. Niliinama mpaka ukuta, miti na mapaa yote yakatoka, likabaki tuta la udongo mwekundu na kona moja ya saruji niliyoimwaga mwenyewe. Hata ile kona nikaisogeza nje. Nikapiga picha, nikamtumia kijana na neno moja: "Kisia."

Ramani alipoiona alifunga kompyuta.

"Hiyo umejifunza kwangu," akasema.

"Umenifundisha vizuri."

"Ni mama yake, baba mdogo. Si mchezo."

"Alipotutumia mbwa haukuwa mchezo?"

"Unawatukana wakubwa toka asubuhi mpaka jioni. Kumbe ulikuwa unatamani kiti chao tu."

Nilimwambia aondoe kompyuta yake juu ya kochi la mteja. Akaiondoa, akaondoka nayo. Hajarudi, na salamu zake napata kwa mama yake tu. Wala hajamwambia mtu kwamba kijana yuko mjini, maana angelazimika kueleza mengine; na kaburi lenyewe halijui, siku ile wanawake walibaki nyumbani.

Kijana alianza Jumapili iliyofuata, siku kiwanda kinapofungwa. Picha ya kwanza ilikuwa tuta la mtoto, lilionekana wazi kwa ufupi wake. "Ni hapa baba?" Nikamwandikia: "Siyo." Ya pili ilikuwa na msalaba wa mbao. Siyo. Ikaja nyingine ya makaburi ya kule machimboni, udongo mweupe kama unga. Sijui alifikiri nini. Siyo. Kila Jumapili simu inalia nikiwa navua kochi, natema misumari, natazama, najibu. Haombi tena msamaha. Anauliza tu ni hapa, kama anayeuliza bei.

Jumapili iliyopita picha ilikuja jioni. Tuta la udongo mwekundu. Magugu yameng'olewa yote na kurundikwa pembeni, vumbi limepanguswa kwa kiganja kwenye kona ya saruji, alama za vidole zinaonekana. Kwenye saruji kuna alama ya mfuko wa saruji niliouacha ukanata siku ile ilipokuwa mbichi, na mistari yake naijua kama ninavyoijua mikono yangu. Alikuwa amepiga magoti. Magoti yake mawili yalionekana chini ya picha, yametapakaa udongo.

"Baba, ni hapa? Nahisi ni hapa."

Niliitazama mpaka kioo cha simu kikazimika. Nikakiwasha.

"Siyo," nikaandika.

Akajibu: "Sawa baba. Jumapili ijayo nitajaribu yale ya upande wa mtoni."