Nne, si Saba

Tetemeko lilipita Jumapili asubuhi, watu wengi wakiwa misa. Jioni Papa Anselme, mkubwa wa chama katika avenyu yetu, yaani mtaa wetu, alipita mlango kwa mlango.

"Mupimaji wa tetemeko anakuja. Kila mutu aseme ukuta imepasuka, serikali itatuletea mabati. Ule atakayeharibu, ataniona."

Mama Berthe, mama mkwe wangu, hakungoja. Alichukua jembe akapasua ukuta wa nyuma wa nyumba yetu. Mimi nilikuwa pale nafua nguo za mtoto. Akaniangalia, nikainama.

Mpimaji alikuja bila mashine, akiongozwa na Papa Anselme, majirani wakikusanyika uani kwetu. Alisema kutikisika kwa hapa Kisangani hupimwa kwa watu na kwa nyumba: nani aliamka, sahani zililia au zilianguka, ukuta ulifanya nini. Daraja ya kwanza mpaka kumi na mbili.

"Kwetu kabati ilianguka," akasema Désiré, mume wangu. Kabati hatuna.

"Sisi yote tulianguka!" majirani wakapaaza sauti.

Mpimaji akaona ule ufa, akatikisa kichwa.

"Bon. Hii ni saba. Nyumba za udongo zilizopigwa na saba hazikaliwi tena. Kesho wakubwa wa komini watawatoa, watabomoa."

 Hakuna aliyethubutu kurudisha uongo wake mbele ya Papa Anselme. Na ndani ya nyumba ile mtoto wangu alikuwa amelala.

"Sahani zililia," nikasema. "Taa iliyotundikwa iliyumba. Maji ya beseni ilicheza tu, haikumwagika. Hakuna kitu ilianguka."

"Funga kinywa, mutu wa Banalia!" akafoka Papa Anselme.

"Na ufa huu?" mpimaji akaniuliza.

Désiré alitazama viatu vyake.

"Ni jembe ya mama mkwe," nikasema.

Mpimaji akashika udongo mpya chini ya ukuta, akausaga vidoleni.

"Nne. Nne haipasui ukuta. Alors, mubaki na nyumba zenu. Mabati hakuna."

Akaenda zake. Majirani wakanitemea mate miguuni. Mama Berthe akatoa nguo zangu, akazitupa barabarani.

"Umesema nyumba iko muzima, sivyo? Bon, iko ya mwanangu. Weye rudia kwenu Banalia, ukasemee samaki!"

 Nikaingia, nikamfunga mtoto mgongoni. Nilipogeuka, Mama Berthe alikuwa ameziba mlango, mikono kiunoni.

"Mutoto anabaki. Iko na baba."

"Basi baba aje amutoe mugongoni mwangu."

Tulingoja, yeye na mimi. Désiré hakuja. Nikamsukuma Mama Berthe kwa bega, nikapita.